Trekta la zamani bado linalima: ulibadilishe au ubaki nalo?



Kila mwaka mahindi yakishauzwa Kibaigwa na hela ikiwa bado mkononi, swali moja linarudi kutoka kwa wenye matrekta wa Kongwa, Kiteto na vijiji vya jirani: "Afisa, hili Massey langu lina miaka zaidi ya thelathini na bado linalima vizuri. Nikope nichukue jipya, au nibaki nalo?"

Ni swali zito, maana hapo katikati kuna hati ya shamba au ya nyumba inayokwenda kukaa benki. Kwa hiyo leo tulijibu kwa hesabu, tusilijibu kwa kuangalia rangi ya boneti. Jibu langu kwa kifupi ni hili: umri wa trekta peke yake si sababu ya kuliuza. Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua: ekari unazolima kwa mwaka, siku ambazo trekta linalala kwa ubovu ndani ya msimu, na umbali kutoka kwako hadi kwa fundi na spea.

Kwa nini la zamani bado lina heshima yake

Matrekta mengi ya zamani yanayofanya kazi huku kwetu ni Massey Ferguson za aina ya 165, 265, 275 na 290, na Ford za aina ya 5000, 6600 na 6610. Massey hizo nyingi zina injini za Perkins. Injini za namna hii ziliundwa ziweze kufunguliwa na kufufuliwa. Slivu zikiisha zinatolewa na kuwekwa nyingine. Ringi, pistoni na beringi zinabadilishwa. Krenki ikiliwa inapelekwa kusagwa, kisha inafungwa na beringi za saizi inayofuata. Hakuna kompyuta. Fundi anayejua kazi yake anaweza kugundua tatizo kwa kusikiliza, kuangalia moshi na kushika bomba kwa mkono.

Faida nyingine ni spea. Injini hizo za Perkins zilitumika pia kwenye jenereta na mashine nyingine nyingi, kwa hiyo vipuri vyake vimesambaa. Unaweza kuwa shambani asubuhi, ukapiga simu mjini, na spea ikafika kesho yake kwa basi. Usiidharau faida hiyo, kwa sababu trekta bila spea ni chuma chakavu hata kama limetoka dukani jana.

Lakini tusilisifie kupita kiasi. La zamani linakunywa dizeli zaidi, breki zake mara nyingi zimechoka, na mengi hayana ile fremu ya chuma inayomlinda dereva trekta likipinduka. Hilo la mwisho ni suala la uhai wa mtu. Hesabu zote zinazofuata huku chini zinachukulia kwamba breki zinashika na usukani hauna mchezo. Kama haviko hivyo, tengeneza kwanza, kisha ndiyo tuongee habari ya kubaki nalo.

La jipya linakupa nini hasa

Trekta jipya la nguvu kama ile ile litakupa vitu vinne: mafuta kidogo kwa kila ekari, siku chache za kulala, usukani na breki zinazomchosha dereva kidogo, na waranti ya kipindi fulani. Ukichukua linalovuta kwa magurudumu yote manne, halitelezi sana kwenye udongo uliolowa.

Ila yapo matrekta mapya ya aina mbili, na wauzaji wengine hawakwambii tofauti yake. Ya kwanza yana pampu ya dizeli ya kawaida, kama lile la zamani. Ya pili yana mfumo wa dizeli unaoendeshwa na kompyuta na sensa, wenye presha kubwa sana kwenye nozo. Huu wa pili unabana matumizi ya mafuta vizuri, lakini hauvumilii uchafu wala maji kwenye dizeli. Sasa jiulize: dizeli yako unaibeba kwa nini? Kama ni kwenye madumu na pipa lililokaa nje msimu mzima, utaua nozo za bei kubwa mapema. Na taa ya hitilafu ikiwaka, fundi wa kijijini hana kifaa cha kuisoma. Itabidi umsubiri mtu wa kampuni.

Hili si tatizo letu peke yetu. Huko Marekani wakulima wamelalamika miaka mingi kwamba hawawezi kutengeneza matrekta yao wenyewe kwa sababu ya programu za kompyuta, mpaka jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa haki hiyo. Kama mkulima wa kule, mwenye barabara nzuri na karakana shambani, aliona ni mzigo, wewe wa huku ufikirie mara mbili.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, ili uone njia ya kupita. Wewe uweke za kwako.

Tuseme una trekta la zamani la nguvu farasi 80 hivi na plau ya sahani tatu. Kwa mwaka unalima ekari 300: ekari 80 zako, na 220 za watu wanaokodi kwa shilingi 60,000 kwa ekari. Kwa siku unalima ekari 10. Dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita. Dereva unamlipa 5,000 kwa ekari, lakini huyo utamlipa kwenye trekta lolote, kwa hiyo kwenye kulinganisha tunamweka pembeni.

Gharama za trekta la zamani kwa mwaka:

- Dizeli, lita 8 kwa ekari: 7,200,000
- Oili, filta na grisi: 700,000
- Spea na fundi: 3,600,000
- Kushuka kwa thamani (leo linauzika 18,000,000, mwakani 17,200,000): 800,000
- Siku 6 za kulala ndani ya msimu: 1,860,000

Hiyo ya mwisho nimeipata hivi: siku 6 mara ekari 10 ni ekari 60 ambazo hukulima. Kila ekari ya kukodi ingekuachia 31,000 baada ya kutoa dizeli na dereva.

Jumla ni 14,160,000. Gawa kwa ekari 300, unapata 47,200 kwa ekari.

Sasa la jipya. Tuseme bei yake ni 70,000,000. Unauza la zamani kwa 18,000,000, kwa hiyo unakopa 52,000,000 kwa miaka mitano, riba asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, na unalipa mara moja kila mwaka baada ya mavuno. Baada ya miaka mitano trekta linauzika kwa 40,000,000.

- Kushuka kwa thamani: 6,000,000
- Riba, wastani wa miaka mitano: 3,740,000
- Bima: 1,000,000
- Dizeli, lita 6.5 kwa ekari: 5,850,000
- Oili na filta: 1,100,000
- Spea na fundi: 1,200,000
- Siku 1 ya kulala: 355,000

Jumla ni 19,245,000. Kwa ekari ni 64,150.

Umeona? Kwa mfano huu trekta jipya linakugharimu zaidi ya ile 60,000 unayolipwa, hata kabla dereva hajashika mshahara wake. Na bado lina mafuta nafuu na spea chache. Kinachokuumiza ni vile vitu ambavyo havionekani kila siku: kushuka thamani, riba na bima. Hivyo vinakula zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, ulime usilime.

Hapo ndipo ekari zinapoingia. Gharama hizo za kudumu ukizigawa kwa ekari nyingi zaidi, zinapungua kwa kila ekari. Kwa namba hizi, la jipya na la zamani yanalingana ukifika ekari 600 na kidogo kwa mwaka. Kwa ekari 10 kwa siku, hiyo ni zaidi ya siku 60 za kulima. Na mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kila mtu anataka kulimiwa wiki zile zile. Kwa kulima peke yake, ekari 600 kwa trekta moja ni kazi ngumu sana huku kwetu.

Kwa hiyo mwenye trekta jipya lazima alitafutie kazi nje ya kulima: kupiga haro, kupanda kwa mashine, kupalilia, kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi, kubeba mazao kwa trela. Kama huna zana hizo wala mpango wa kuzinunua, trekta jipya litakaa chini ya mwembe miezi minane huku riba ikitembea.

Siku za kulala ndizo zinazogeuza hesabu

Wakulima wengi wanaolalamikia trekta la zamani wanalalamikia bei ya spea. Mimi nakuomba uangalie kalenda kwanza.

Turudi kwenye mfano wetu. Spea zote za mwaka ni 3,600,000. Lakini kama trekta hilo hilo lingelala siku 20 badala ya 6, hasara ya kulala ingekuwa 6,200,000, na gharama ingepanda hadi kama 61,700 kwa ekari. Hapo tayari limeshalikaribia la jipya. Na hatujahesabu shamba lako mwenyewe lililochelewa kupandwa, wala wateja waliohamia kwa jirani na hawatarudi mwakani.

Lakini angalia pia kulala kwenyewe kulitokana na nini. Siku tano za kungoja fundi aliyesafiri si ugonjwa wa trekta. Siku tatu za kutafuta mkanda wa feni ambao ungeweza kuwa nao stoo, hizo ni za kwako. Kuwa na boksi la vitu vidogo: mkanda wa feni, filta za dizeli na oili, hosi za rejeta, bomba za nozo, gasketi ya hedi, na boliti za plau. Vitu hivyo havifiki hata nusu ya hasara ya siku sita za kulala kwenye mfano wetu. Kama siku nyingi za kulala zinatoka kwenye vitu kama hivi, dawa yake ni boksi la spea, wala si mkopo wa milioni 52.

Angalia rejesho la mwaka wa kwanza

Gharama kwa ekari ni jambo moja, pesa ya kulipa tarehe ikifika ni jambo lingine. Kwenye mfano wetu mwaka wa kwanza utalipa 10,400,000 za deni na 6,240,000 za riba, jumla 16,640,000. Ekari 220 za kukodi, ukitoa dizeli na dereva, zinakuachia 7,810,000. Zilizobaki, karibu milioni tisa, zitoke kwenye mazao yako.

Mwaka mzuri zitatoka. Mvua ikikatika je? Mwaka wa ukame mazao yako yanapungua, na watu wa kukodi nao wanapungua kwa sababu hawana hela. Vyote viwili vinakupiga mwaka huo huo, na benki haisubiri mvua. Kabla ya kusaini, jiulize: nikikosa mavuno mwaka mmoja kati ya hii mitano, rejesho nitalitoa wapi? Kama jibu ni kuuza ng'ombe wachache, sawa, unalo jibu. Kama jibu ni "Mungu atasaidia" tu, basi subiri kwanza.

Ukienda kuulizia mkopo, iwe benki za biashara, Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) au Mfuko wa Pembejeo, uliza riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye deni lote la mwanzo. Tofauti ni kubwa. Omba pia marejesho yafuate mavuno, yasiwe ya kila mwezi.

Njia ya tatu: lifufue hilo hilo

Watu wanadhani kuna njia mbili tu, kubaki hivi hivi au kununua. Ipo ya tatu. Tuseme unaweka milioni 8 kwenye oveholi ya injini, klachi na matengenezo ya haidroliki, na unatarajia likae miaka mitano. Hiyo ni 1,600,000 kwa mwaka. Spea zikishuka hadi 2,400,000 na siku za kulala zikawa 3, gharama yako inakuwa kama 45,400 kwa ekari. Ni chini ya hata pale ulipoanzia, na hati yako iko kabatini.

Kabla ya oveholi, pima kwanza kuteleza kwa matairi, maana dizeli nyingi inapotelea hapo na watu wanailaumu injini. Fanya hivi:

1. Weka alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma na kwenye udongo.
2. Lima plau ikiwa chini mpaka tairi lizunguke mara 10. Weka alama nyingine ardhini.
3. Rudi mwanzo, inua plau, tembea umbali ule ule pembeni kwenye sehemu ambayo haijalimwa, ukihesabu mizunguko.

Ikiwa ni mizunguko 8 na nusu hadi 9, kuteleza ni asilimia 10 hadi 15, uko vizuri. Ikiwa ni 7, unateleza asilimia 30. Yaani kati ya kila mizunguko kumi ya tairi, mitatu inachimba udongo bila kukusogeza. Hapo tairi zimeisha kashata, au trekta ni jepesi nyuma, au sahani za plau zimekuwa butu na zimepangwa vibaya. Kuongeza maji kwenye matairi ya nyuma, kunoa au kubadilisha sahani, au kununua tairi mbili, ni gharama ndogo ukilinganisha na trekta zima.

Dalili kwamba sasa limefika mwisho

Kuna wakati kubaki nalo ni ubishi tu. Ukiona haya, anza kujipanga:

- Moshi wa bluu hauishi, unaongeza oili kila siku, na bomba la kupumulia la injini linatoa moshi kwa nguvu. Slivu na ringi zimekwisha. Moshi mweusi peke yake usikutishe, mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozo zilizochoka.
- Presha ya oili inashuka sana injini ikipata moto.
- Maji yanaingia kwenye oili, inakuwa kama chai ya maziwa, hata baada ya kubadilisha gasketi ya hedi. Huenda bloku au hedi ina ufa.
- Gia zinaruka zenyewe ukiwa na mzigo, na nyumba ya gia imeshachomelewa.
- Spea za aina hiyo hazipatikani tena, unaishia kuvua kwenye trekta lingine bovu.

Moja kati ya hizo mbili za kwanza inatibika kwa oveholi. Zikija tatu kwa pamoja, uza mapema likiwa bado linawaka. Trekta linalowaka lina bei, lililokufa linauzwa kwa kilo.

Ukiamua kununua

Muulize muuzaji maswali haya, na usiridhike na tabasamu:

1. Fundi wenu wa karibu yuko wapi, na anafika baada ya siku ngapi mwezi wa kumi na mbili?
2. Nionyeshe stoo ya spea: filta, klachi, pampu ya maji, beringi za magurudumu ya mbele. Uone kwa macho.
3. Pampu ya dizeli ni ya kawaida au ya kompyuta?
4. Modeli hii imepimwa na CAMARTEC kule Arusha? Kama ndiyo, majibu yalisemaje?
5. Nani mwingine analo karibu na kwetu, amelitumia misimu mitatu? Mtafute huyo, umuulize mwenyewe, muuzaji asiwepo.

Kama unachukua la mtumba kutoka nje, usiamini mita ya masaa. Angalia pedali za klachi na breki, kiti na meno ya shafti ya nyuma. Mita ikisema masaa 2,000 na pedali zimelika hadi chuma, mita inadanganya.

Anza na daftari

Hesabu yangu ina namba za mfano. Yako inahitaji za kweli, na hizo hazipo kichwani kwa mtu. Msimu huu nunua daftari la kaunta, likae kwa dereva. Kila siku andikeni: ekari zilizolimwa, lita za dizeli, oili iliyoongezwa, spea iliyonunuliwa na bei yake, na kama limelala, limelala kwa nini na siku ngapi. Mwisho wa msimu pitieni tena ile orodha ya gharama, ukurasa kwa ukurasa.

Ukikuta unalima ekari 200 au 300 na limelala siku chache, lipe oveholi na tairi nzuri, uendelee nalo. Ukikuta una kazi ya miezi minane, zana zake zipo, wateja unawarudisha kwa kukosa nafasi, na rejesho linalipika hata mwaka wa mvua mbaya, basi jipya ni lako, nenda kachukue kwa amani.

Ukiwa na hesabu yako na hujui uipange vipi, njoo nayo ofisi ya kata pamoja na hilo daftari. Tutakaa chini tuipige pamoja kabla hujasaini karatasi yoyote.